Jozi ya saba, ree na ghulamu, au tisa na nane za kopa: ipi upandishe, ipi ufuate, ipi utupe

Chukua migawo mitatu. Wa kwanza una saba mbili, ya shupaza na ya uru. Wa pili una ree ya pao na ghulamu wa uru. Wa tatu una tisa na nane, zote kopa. Waulize watu sita waliozunguka mkeka ipi bora, na wengi watanyoosha kidole kwenye ree, kwa sababu ree ndiyo karata kubwa na macho huifuata. Lakini swali hilo halijakamilika. Umekaa kiti gani? Na mbele yako kuna komwe ngapi? Bila majibu mawili hayo hakuna anayeweza kusema ipi bora, kwa sababu karata hizi tatu hazipati ushindi kwa njia moja. Moja hushinda mara chache lakini hushinda fungu kubwa, yaani komwe nyingi zilizowekwa katikati, nyingine hushinda mara nyingi lakini mafungu madogo, na ya tatu huhitaji uvumilivu na kiti kizuri.

Kwanza mkeka

Mchezo wenyewe ni poker ya Texas Hold'em: kila mtu hugawiwa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati kwa wote, tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila mmoja hutengeneza karata tano bora kutokana na hizo saba. Asili yake ni Texas, Marekani, na mwaka 2007 bunge la jimbo hilo liliutambua mji wa Robstown kuwa ndiko ulikozaliwa. Hakuna turufu. Aliyezoea michezo yenye turufu inabidi alifute hilo kichwani mapema: kopa haiizidi uru, na ree ya shupaza ni sawa na ree ya pao.

Tunazungumzia mchezo wa komwe, si wa fedha. Kamari ni haramu, na baraza ya Unguja au Pemba inayojiheshimu haitaikubali. Komwe za bao zinatosha kabisa. Ubao mmoja una kete 64. Kwa wachezaji sita, mpe kila mtu komwe 10, kila komwe ikihesabiwa moja, na kauri 18, kila kauri ikihesabiwa komwe tano. Hapo kila mmoja ana thamani ya komwe 100, na komwe nne zinabaki pembeni kwa ajili ya chenji. Makubaliano moja yasivunjwe: aliyemaliza komwe zake anatoka mpaka raundi nzima iishe. Mkiruhusu mtu achote upya kila anapofilisika, komwe hazina thamani tena, kila mtu atafuata kila kitu, na ulinganisho wote ulioko hapa chini hautafanya kazi.

Anayekaa kushoto kwa mgawaji huweka kianzio kidogo, komwe 1. Anayefuata huweka kianzio kikubwa, komwe 2. Baada yake ndipo kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, na mwisho mgawaji. Kufuata ni kulipa kiasi kilichokwisha kuwekwa. Kupandisha ni kuongeza. Kutupa ni kuziacha karata na kukaa kando. Karata za aina moja ni zote kopa, au zote uru, na kadhalika. Mfalme, wazee wengine humwita mzungu wa nne, na anayemfuata ni bibi, kisha ghulamu.

Hesabu zinazobeba kila kitu

Karata 52 hutoa njia 1,326 za kupata karata mbili. Jozi yoyote ile, mfano saba mbili, ina njia 6. Karata mbili tofauti zilizotajwa, za aina moja, zina njia 4, na za aina tofauti zina njia 12. Kwa hiyo ree na mfalme kwa ujumla ni njia 16, wakati ree mbili ni 6 tu, yaani mara moja katika migawo 221. Jozi ya namna yoyote huja mara moja katika 17. Kumbuka hii 6, 4 na 12, kwa sababu mbele tutaitumia kumhesabia mpinzani.

Halafu kuna namba tatu za karata tatu za mwanzo zinazofunuliwa. Ukiwa na jozi, unapata tatu sawa au zaidi kwa asilimia 11.8, kama mara moja katika nane na nusu. Ukiwa na karata mbili zisizo jozi, angalau moja hupata mwenziwe kwa asilimia 32.4, maana yake mara mbili katika tatu hupati kitu. Na ukiwa na karata mbili za aina moja, unazipata tano kamili za aina hiyo papo hapo kwa asilimia 0.84 tu, ila unafikisha nne na kubaki unasubiri ya tano kwa asilimia 10.9.

Namba ya mwisho hiyo ndiyo inayowadanganya watu wengi zaidi. "Zote kopa" inapendeza machoni, lakini mpaka karata ya tano ifunuliwe, uwezekano wa kuzitumia kopa zako mbili na kufikisha tano ni asilimia 6.4. Ghulamu na kumi za aina moja huzizidi zile za aina tofauti kwa asilimia mbili hivi tu dhidi ya karata zozote. Kufanana aina ni chumvi ya mchuzi, haijawahi kuwa samaki.

Jozi: kubwa, za kati, ndogo

Ree mbili, wafalme wawili na mabibi wawili hazina mjadala: pandisha kutoka kiti chochote. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni mtu kuficha ree mbili, akifuata komwe 2 tu ili "wasikimbie". Wanaingia watu watano, na hapo amejiumiza mwenyewe. Ree mbili dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda asilimia 85. Dhidi ya watatu ni 64. Dhidi ya watano ni kama 49, na dhidi ya tisa hushuka mpaka 31. Kupandisha hapo kuna kazi mbili: kukuza fungu wakati uko mbele, na kupunguza watu.

Jozi za kati ni kitendawili chake. Ukiwa na wafalme, ree hutokea kwenye karata tatu za mwanzo kwa asilimia 22.6. Ukiwa na mabibi, karata kubwa kuliko yako hutokea kwa asilimia 41. Maghulamu, 57. Kumi mbili, karibu 70. Saba mbili, asilimia 92. Angalia jinsi ngazi inavyoporomoka: kati ya bibi na ghulamu unavuka nusu. Ndiyo maana maghulamu wawili hupandishwa kwa bidii kabla ya kufunuliwa, kisha huchezwa kwa tahadhari baada yake.

Saba mbili, basi, si jozi ya kutetea. Ni jozi ya kutafuta saba ya tatu. Ukiichukua kwa mtazamo huo, uamuzi unakuwa mwepesi: mtu akipandisha hadi 6, unalipa 6, saba isipotokea na mpinzani akaweka kiasi cha maana, unatupa na umepoteza 6. Ikitokea, unapata fungu kubwa kutoka kwa mtu ambaye hakuiona hata kidogo, kwa sababu saba ya katikati ya meza haimtishi mtu. Sasa fanya hesabu: unakosa mara saba na nusu kwa kila mara moja unayopata. Saba na nusu mara 6 ni 45. Kwa hiyo siku ya kupata lazima urudishe zaidi ya 45, na si kila siku mpinzani atakuwa na kitu cha kukulipa. Kanuni inayofaa mkekani ni hii: fuata kwa jozi ndogo ikiwa komwe zilizobaki nyuma ni angalau mara 15 ya bei unayolipa. Na zipimwe komwe za yule mwenye chache kati yenu wawili. Wewe ukiwa na 94 na yeye amebakiwa na 20, mtaji wako hapo ni 20.

Kutoka kiti cha kwanza, au pale ambapo hakuna aliyeingia, saba mbili hupandishwa. Tano mbili pia. Mbili mbili, tatu mbili na nne mbili kutoka kiti cha kwanza zitupwe bila majonzi.

Ree na chochote

Hapa ndipo komwe nyingi hupotea, na panastahili nafasi kubwa kuliko pengine pote.

Ree na mfalme ni karata nzuri sana, ila tuwe wakweli juu yake: kabla ya kufunuliwa haina kitu mkononi. Dhidi ya mabibi wawili, ree na mfalme za aina tofauti hushinda kama asilimia 43. Hata mbili mbili huwa mbele yake kidogo. Nguvu yake iko kwingine: inamkaba kila mwenye ree ndogo. Ree-mfalme dhidi ya ree-bibi hushinda kama asilimia 74. Sababu ni kwamba ree ikitokea, wote wawili mnafurahi, wote mnaendelea kulipa, na karata ya pembeni ndiyo inayoamua.

Igeuze sasa. Ukishika ree na saba, au ree na nne, wewe ndiye unayekabwa. Ree ikitokea na mtu akaendelea kulipa, anakulipa na nini? Karibu daima na ree iliyo na mwenza mkubwa kuliko wako. Isipotokea, huna kitu. Unashinda mafungu madogo na kupoteza makubwa. Mkiwa sita, uwezekano kwamba angalau mmoja wa wale watano ana ree nyingine ni karibu nusu kwa nusu. Mkiwa wanne ni asilimia 32. Kwa hiyo ree na nne ya aina tofauti kutoka kiti cha kwanza itupwe. Kwenye kiti cha mgawaji, wote wakiwa wametupa na wamebaki wawili wa vianzio, pandisha bila wasiwasi.

Ree na ghulamu iko katikati, na ndiyo inayotesa. Tuitazame kwa karibu.

Tuseme kiti cha kwanza amepandisha hadi 6, na ni mtu makini. Mtu makini kutoka hapo huchagua jozi kuanzia tano, ree ya aina moja na kumi kwenda juu, ree ya aina tofauti na ghulamu kwenda juu, mfalme na bibi, mfalme na ghulamu wa aina moja, bibi na ghulamu wa aina moja, ghulamu na kumi za aina moja. Ukizihesabu kwa ile 6, 4 na 12, ni njia 140 kati ya 1,326, kama mgawo mmoja katika tisa au kumi. Wewe uko kwenye kiti cha mgawaji na ree ya pao na ghulamu wa uru. Ree zimebaki tatu, maghulamu watatu. Zinazokukaba: ree-mfalme njia 12, ree-bibi njia 12, ree mbili njia 3, maghulamu wawili njia 3. Jumla 30. Ongeza wafalme wawili na mabibi wawili, njia 12, ambazo pia ziko mbele yako. Unazozikaba wewe: ree-kumi ya aina moja njia 3, mfalme-ghulamu 3, bibi-ghulamu 3, ghulamu-kumi 3. Jumla 12.

Ukifuata, na wa vianzio wakatupa, fungu ni 15. Zinafunuliwa ree ya shupaza, tisa ya kopa na nne ya uru. Ree imekuja! Anaweka 10, unafuata, fungu 35. Ya nne ni mbili ya pao. Anaweka 22, unafuata, fungu 79. Ya tano ni sita ya shupaza, naye anasukuma 62 zake zote. Umeshalipa 38. Ni karata zipi za kwake zinazokushinda? Ree-mfalme sasa njia 8, ree-bibi 8, ree mbili njia 1, tisa mbili njia 3, sita mbili njia 3. Jumla 23. Zenye ree ambazo wewe unazishinda ni ree-kumi, njia 2. Wenye wafalme au mabibi walishaingiwa na hofu tangu ree ilipotokea na hawaweki 62. Kilichoonekana kama bahati ndicho kilichokufikisha kwenye shimo. Tatizo halikuanza kwenye karata ya tano. Lilianza kwenye ile 6 ya mwanzo.

Chukua sasa saba mbili kwenye kiti hicho hicho, kwa bei hiyo hiyo ya 6. Ree, tisa, nne zikifunuliwa, anaweka 10, wewe unatupa, umepoteza 6 na mgawo unaofuata unaendelea. Ree, saba, nne zikifunuliwa, yule mwenye ree-mfalme atakulipa 10, atakulipa 22, na huenda akakulipa zote 94. Karata iliyompa matumaini ndiyo inayokulipa. Huo ndio ubora wa jozi ndogo dhidi ya mtu makini mwenye komwe nyingi.

Tofauti inabadilika kabisa ikiwa aliyepandisha ni wa kiti cha tatu au mgawaji, anayepandisha mgawo mmoja katika mitatu. Huyo ana ree ndogo nyingi, wafalme wadogo, na karata zinazofuatana za kila namna. Dhidi yake ree na ghulamu iko mbele, na kuitupa ni uoga. Mpandishie: yeye akiweka 6, wewe weka 18.

Tisa na nane za kopa

Karata hizi zina marafiki wengi kuliko zinavyostahili, ila zina kazi yake. Hazitaki kushinda kwa jozi. Jozi ya tisa ni kitu cha kushinda fungu dogo tu. Zinatafuta mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, au kopa tano. Ukifika kwenye nne za kopa na karata mbili zimebaki kufunuliwa, unakamilisha kwa asilimia 35. Ikibaki moja, karibu 20. Mfululizo ulio wazi pande zote mbili, mfano umeshika tisa na nane na zimefunuliwa saba na sita, una karata nane za kukukamilisha, na ni asilimia 31 kwa karata mbili zilizobaki.

Ndiyo kusema mara nyingi utakuwa unalipa ili kusubiri. Anayesubiri anahitaji mambo matatu: kiti cha nyuma, ili ajue bei kabla ya kulipa, komwe nyingi nyuma, angalau mara 20 ya bei ya kuingia, na mpinzani anayeweza kutishika, kwa sababu sehemu kubwa ya faida hutokana na kupandisha ukiwa unasubiri, naye akatupa. Kikikosekana kimoja, tupa. Angalizo jingine: kopa tano zenye tisa juu zinaweza kushindwa na mwenye ree ya kopa. Zikitokea kopa nne mezani, tisa yako haina maana tena.

Saba na mbili za aina moja, mfalme na tatu za aina moja kutoka viti vya mbele, hizo zisichanganywe na tisa-nane. Aina moja peke yake haitoshi.

Zikiwekwa ubavuni

| | Saba mbili | Ree na ghulamu, aina tofauti | Tisa na nane za kopa |
|---|---|---|---|
| Karata tatu za mwanzo | tatu sawa au zaidi, 11.8% | jozi au zaidi, 32.4% | nne za kopa, 10.9% |
| Dhidi ya ree-mfalme | kama 55% | kama 26% | kama 41% |
| Dhidi ya wafalme wawili | kama 19% | kama 29% | kama 22% |
| Komwe za nyuma kwa kufuata | mara 15 ya bei | chache zinaifaa zaidi | mara 20 au zaidi |
| Inapoumiza | ukiitetea bila saba ya tatu | ree ikitokea na mwenzako hana hofu | ukilipa bei kubwa kusubiri |

Tazama mstari wa pili. Dhidi ya ree-mfalme, tisa na nane zina nafasi bora kuliko ree na ghulamu! Karata zake ni hai zote mbili, wakati ree na ghulamu imebaki kutegemea ghulamu peke yake.

Kiti

Baharini, chombo hicho hicho chenye tanga hilo hilo hakiendi sawa kikiwa na upepo wa omo na kikiwa na upepo wa tezi. Kiti cha kwanza ni upepo wa omo. Unaingia huku watu watano hawajasema lolote, na baada ya karata kufunuliwa utakuwa unasema kabla ya mgawaji kila mara. Kiti cha mgawaji ni upepo wa tezi: unaona kila mtu amefanya nini, kisha unaamua.

Kwa hiyo kutoka kiti cha kwanza cheza zile njia 140 zilizotajwa juu. Kutoka kiti cha mgawaji, wote wakiwa wametupa, pandisha jozi zote, kila ree, mfalme yeyote mwenye mwenza wa aina moja, mfalme na tisa kwenda juu hata kwa aina tofauti, bibi na kumi kwenda juu, bibi na nane au tisa za aina moja, ghulamu na kumi, ghulamu na nane au tisa za aina moja, kumi na nane, kumi na tisa, tisa na saba, tisa na nane, nane na saba, saba na sita, sita na tano, hizi za mwisho zote za aina moja tu. Jumla ni njia 454, zaidi ya theluthi ya migawo yote. Viti vya kati viko kati ya hizo mbili.

Aliye kwenye kianzio kikubwa ana punguzo lake. Mtu akipandisha hadi 6 na wengine wakatupa, yeye ameshaweka 2, hivyo analipa 4 kugombea fungu lenye 9. Anahitaji kushinda asilimia 31 tu ili asipate hasara. Tisa na nane za kopa zinafuata hapo, ree na ghulamu pia, na jozi zote. Lakini kianzio kidogo hana bahati hiyo: punguzo lake ni komwe moja, na atasema wa kwanza mpaka mwisho. Akiona amepandishiwa, achague kupandisha au kutupa, na kufuata kuwe nadra.

Komwe zikiwa chache

Mambo yote ya juu ni kwa 100. Mkianza na 32 kila mmoja, au raundi ikisonga ukabakiwa na kiasi hicho, ngazi inapinduka.

Ukiwa na 32 na mtu amepandisha hadi 6, nyuma unabaki na 26, mara nne tu ya bei. Kutafuta saba ya tatu hakuna faida tena, kwa sababu hata ukiipata, zawadi haifidii zile mara saba na nusu za kukosa. Kufuata kwa saba mbili hapo ni kosa. Uchaguzi ni kusukuma zote 32 au kutupa. Dhidi ya mpandishaji wa kiti cha nyuma, sukuma. Dhidi ya yule makini wa kiti cha kwanza, tupa bila aibu.

Ree na ghulamu nayo inapanda daraja. Hatari yake ilikuwa kulipa mara tatu, 10, kisha 22, kisha 62. Komwe zikiwa chache hakuna mara tatu: mnasukuma kabla ya kufunuliwa, zinafunuliwa tano, basi. Tena ree yako inapunguza njia za mpinzani kuwa na ree mbili kutoka 6 hadi 3. Tisa na nane za kopa zinashuka mpaka chini, na aliyepandishiwa azitupe tu.

Ukibaki na 20 au pungufu, yaani vianzio vikubwa kumi, acha kupandisha hadi 6. Ama sukuma zote, ama tupa. Ukiweka 6 katika 20 kisha mtu akakupandishia, utakuwa umeacha karibu theluthi ya mtaji wako kwenye mkeka bila kuziona hata karata tatu.

Upandishe kiasi gani

Wa kwanza kuingia aweke 6, mara tatu ya kianzio kikubwa. Kwenye kiti cha mgawaji 5 inatosha. Ikiwa kuna waliofuata 2 kabla yako, ongeza 2 kwa kila mmoja: waliofuata wawili, weka 10. Kiasi kiwe kimoja kwa karata zote unazopandisha. Anayeweka 6 kwa ghulamu na kumi, na 12 kwa wafalme wawili, atasomwa na baraza nzima kabla ya kahawa kupoa.

Na kufuata 2 tu ukiwa wa kwanza kuingia, kwa karata yoyote kati ya tatu tulizoanza nazo, hakufai. Saba mbili, pandisha kutoka kiti chochote. Ree na ghulamu, pandisha kutoka kiti chochote. Tisa na nane za kopa, pandisha kuanzia kiti cha tatu kwenda kwa mgawaji, na kutoka kiti cha kwanza zirudishe kwa mgawaji bila kuzionyesha.